Mishumaa ya Hinde

Ijumaa ile Hinde, mke wa Rabi Feivel, alikawia kwa jirani yake mgonjwa akimnywesha supu, kijiko baada ya kijiko. Alipowasha mishumaa ya Sabato, jua lilikuwa limeshazama, na jua la Ijumaa likizama Sabato huwa imeingia, kuwasha moto ni mwiko. Aliyeona ni mumewe tu.

Kesho yake, sinagogi likiwa limejaa, mzee mmoja alisema, "Rabi, nyumba yako ndiyo kioo chetu!"

"Usinivishe sifa za uongo," Rabi akajibu, kichwa chini. "Jana nyumbani kwangu Sabato ilivunjwa. Mishumaa ilichelewa."

Wanaume walitokwa machozi. Mkweli gani huyu! Upande wa wanawake, aliyekaa karibu na Hinde alivuta sketi yake mwenyewe, akasogea mbali naye.

"Ungewatajia na ile supu," Hinde alimwambia njiani.

"Ningekuwa najitetea, mke wangu."

Ijumaa iliyofuata Hinde aliketi mbele ya mishumaa tangu alasiri, kiberiti mkononi, akingoja saa ya kuwasha. Nyuma ya ukuta jirani aliita, "Hinde, mwanangu, unakuja?"

Supu ya mgonjwa ilikuwa bado ya moto. Hinde alitazama jua juu ya mapaa, na njiti ikalowa jasho vidoleni mwake.