Kiti cha Dereva

Mbwilo alizungusha hendeli mara ya saba, na katapila likaunguruma hadi kuku wa jirani wakatimka. Miaka minne alikuwa akilihangaikia pale uani kwa marehemu dereva wake: kakwangua kutu, kabadilisha pini za minyororo, kakishona kiti kwa ngozi mpya. Watu walimcheka. Eti, chuma chakavu hicho atalimia wapi?

Bi Sikudhani, mjane wa dereva, akatoka jikoni na unga mikononi. "Haya shemeji, panda uliendeshe tulione!"

Mbwilo akapanda mbio, akakaa, akashika chuma, akatazama mbele. Akangoja.

Alikuwa amekaa juu ya bamba la pembeni, pale pale alipokaa miaka ishirini akiwa utingo, yeye wa kuwasha na kupaka grisi, mwenzake wa kuendesha.

Bi Sikudhani akajiziba mdomo kwa upindo wa khanga. "Shemeji," akaita taratibu, "kiti ni kile."

"Nakiona."

Injini ilizidi kukitetemesha kiti kitupu. Mbwilo hakusogea. Alikunja tu magoti, kama anayempisha mtu apite.