Jina Lililotakiwa Mahakamani

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho," jaji alisema. "Ni nani aliyekupa ripoti ile?"

Wino alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Alikuwa mwandishi wa habari mkongwe, na wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu mfuko wa shati lake haukukosa doa la kalamu.

"Mheshimiwa, jina hilo halitatoka kinywani mwangu."

Jaji alivua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena. "Nawapa nafasi fupi, wewe na wakili wako. Ukirudi na jibu hilohilo, utaingia ndani leo, na utakaa humo mpaka ulimi wako ulegee."

Wakili wake alikusanya makaratasi bila kumtazama mtu. Mama huyu alikuwa ameota mvi katika kesi za magazeti. Aliwatetea wahariri waliofungiwa mitambo na mchora katuni aliyewekwa ndani kwa sababu ya kuichora pua ya mkubwa fulani. Ni yeye aliyewabana wakuu wa jiji mpaka wakakubali raia wa kawaida asome kumbukumbu za zabuni. Hata ripoti hii aliwahi kuiomba wizarani, kwa barua na kwa sheria. Ilisema kwamba ukuta wa bwawa lililo juu ya mji una nyufa. Wizara ikamjibu kuwa hakuna ripoti kama hiyo. Muda si mrefu ikatokea ukurasa wa mbele wa gazeti, jina la Wino likiwa chini yake, na watu wa bondeni wakahama na magodoro yao kichwani.

Katika kazi hiyo yote alishika sharti moja. Mteja wa namna hii akiingia ofisini kwake, kabla hajavuta kiti, humwambia: "Niambie lolote, ila aliyekupa habari usinitajie. Nisichokijua hakuna wa kunikamua." Siku Wino alipoambiwa hivyo, alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hilo, dada, sitakupa taabu," alimjibu.

Kwenye korido mke wa Wino alimshika wakili mkono. Kwa kuwa mumewe alimwita wakili dada, yeye alimwita wifi, na leo wifi huyo alikuwa tegemeo lake la mwisho.

"Wifi, mwambie ataje. Huyo anayemficha atalala kitandani kwake leo. Wangu ana presha, dawa anasahau hata nikimwekea mezani. Huko ndani nani atamkumbusha?"

"Nitaongea naye."

"Usiongee naye. Mgombeze."

Mwanasheria wa serikali alikuwa akiwasubiri mbele kidogo. Alikuwa kijana aliyejifunza kazi ofisini kwa mama huyu, na mpaka leo alimwita mwalimu.

"Mwalimu, akitaja anakwenda kula chakula kwake. Mimi mwenyewe nitaomba aachiwe."

"Na asipotaja?"

"Tutamsubiri. Tulikuwa tumeanza kuwahoji makarani wa masijala ya wizara, kule mafaili yanakotunzwa. Tulipomkamata yeye tukawaachia wote. Kwa nini tuhangaike na kundi zima, na anayelijua jina tunaye?"

"Mliwahoji vipi?"

Kijana aliangalia viatu vyake. "Usiniulize hilo, mwalimu."

Chumba walichopewa kilikuwa na benchi moja na dirisha la nondo. Askari alibaki mlangoni. Wakili hakukaa.

"Kaka, ninachotaka kukuambia sijawahi kumwambia mteja yeyote. Taja."

Wino alimkazia macho. "Wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Mimi. Nimetoka kuongea na mkeo. Aliyetoa ripoti ile ni mtu mzima, alijua anachofanya. Angekuwa na haya, angekuwa amesimama pale kizimbani badala yako."

"Pengine anaogopa."

"Na wewe huogopi?"

"Mimi? Leo hata dawa nimesahau kumeza kwa woga." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likakwama. "Hebu niambie. Wale makarani wako wapi?"

"Wamerudi kazini."

"Wote?"

"Wote. Hakuna anayewagusa."

Wino alishusha pumzi, akaegemea ukuta kama mtu aliyetua mzigo. Wakili aliliona hilo, akazidi kupandwa na hasira. Basi ni mmoja wao, alijiambia. Kuna mtu amekaa masijala na kikombe chake cha chai, na huyu anazeeka kwa ajili yake.

Askari aligonga mlango. "Muda wenu umekwisha, mama."

"Nakuja." Alimgeukia Wino, akashusha sauti. "Sikia. Sharti langu nalivunja leo. Usimtajie jaji, nitajie mimi. Nitamfuata leo hii. Nitampigia magoti ikibidi, nitamtetea bure, ajitokeze mwenyewe ili wewe utoke. Ni nani?"

Wino alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. Alichungulia mlangoni kuona askari amesimama wapi, kisha akainama mpaka mdomo wake ukakaribia sikio la wakili.

"Bahasha niliikuta imesukumwa chini ya mlango wangu, dada," alinong'ona. "Hata mimi simjui."