Ubeti wa Vibanja

Buberwa alipiga goti jukwaani Muleba, akajifanya anafunga kamba za kiatu. Mkono wake ulikuwa kwenye pedali ya gitaa aliyoiunda mwenyewe kwa kopo na transista za redio mbovu.

Wiki nzima alihangaika kuisawazisha. Kila alipoikanyaga, sauti ya kukwaruza ilizidi ile safi, ikammeza dada yake anayeimba. Sasa zilikuwa sawa.

Lakini ubeti uliofuata ulisimulia watu waliohamishwa kwa nguvu, wakaacha vibanja vyao, mashamba ya nyumbani, na mikungu ikiwa bado migombani. Na bwana aliyesimamia kuwahamisha alikuwa ameketi safu ya mbele, akipiga makofi kufuata mdundo.

Akiongeza sauti kidogo tu, hakuna atakayesikia neno, na dada atalala nyumbani, si mahabusu.

“Waitu, tafadhali, usinifunike sauti,” dada alinong'ona bila kugeuka.

Kidude cha kuzungushia sauti, kidogo kama punje ya buni, kiliteleza kwa jasho la vidole vyake. Alikishika. Kisha akakiacha palepale kilipokuwa.

Akasimama, akakanyaga. Gitaa likanguruma chini ya sauti ya dada yake, na kila neno likatoka wazi.

Safu ya mbele, makofi yakakoma.