Lori Lisilozimwa

“Moshi wa lori lako unaniharibia muhogo nilioanika,” Mwamvua alimwambia jirani yake dereva.

“Nikizima haliwaki, mama. Betri imekufa, ofisini nimewaambia mpaka nimechoka.”

Pikipiki ya kukodi ikasimama, ikashusha mtu, ikaondoka. Alikuwa mkaguzi wa kampuni yenye lori, katoka Kasulu, maana simu yake ilimwonyesha lori liko Kibondo, linanguruma bila kutembea, linakunywa dizeli bure.

“Kazi huna,” akamwambia dereva. Akapanda kwenye lori, akalizima. “Nalirudisha mwenyewe.”

Akazungusha ufunguo. Likalia tk, kama panzi. Akazungusha tena, mpaka kidole gumba kikawa cheupe.

“Litasukumwa,” akasema.

“Na nani? Vijana wako shamba mpaka jioni,” Mwamvua akamjibu. “Na huyu umeshamfukuza, hasukumi. Nawa mikono, baba, uingie tule.”