Bima Inaishia Holili

Mzee alikuwa ameangukia Kenya, na Mashaka alimtaka awe ameangukia Tanganyika.

Lori aliloliendesha Mashaka lilimgonga nje kidogo ya Taveta, akivuka barabara na mzigo wa kuni. Hakuna aliyeona. Mashaka aliruka chini na, kwa mazoea tu ya malezi yake, akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," mzee akaitikia, ameshika ubavu. "Nipeleke zahanati. Ile pale, yenye bati jekundu."

Mashaka aliiona. Lakini alikumbuka pia maneno ya tajiri yake, Primus wa Marangu, siku alipompa ufunguo: "Bima yetu inaishia Holili, pale mpakani. Ukimgonga mtu upande wetu, bima itamlipa. Ukimgonga ng'ambo, hakuna bima. Kuna jela, na utaingia peke yako."

Akampakia mzee mbele, akageuza lori kuelekea mpakani.

"Mbona zahanati tunaiacha?"

"Hospitali ya Moshi ni nzuri zaidi, baba. Ila wakikuuliza, sema nimekugonga Holili. Nakuomba. Nina watoto."

"Nitasema popote unapotaka. Nifikishe tu."

Mashaka alimhurumia, lakini hofu ilikuwa na nguvu zaidi. Akikimbiza lori, mashimo yanamrusha mzee na mzee analia. Akienda polepole, mzee anazidi kuishiwa pumzi. Akamkasirikia hata Primus na lori lake. Asubuhi ile alikuwa amemwona kwenye kioo akikimbia nyuma, akipunga mikono na kupiga kelele. Mashaka akajua ni yale yale ya kila siku: shangazi yake Primus anataka kupakiwa na mikungu yake ya ndizi mpaka sokoni Himo. Akakanyaga mafuta.

Walipofika kwenye kizuizi cha Holili, mzee alikuwa ametulia. Mashaka akashukuru kwamba usingizi umempitia.

Primus alikuwa pale na askari, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mashaka! Una masikio kweli wewe? Nimekuita asubuhi mpaka sauti ikanikauka! Imebidi nipande gari la watu kukufuata. Ile bima nimeiongeza, bwana. Tangu jana inafika mpaka Mombasa. Endesha kwa amani."

Kisha akamwona abiria. Akafungua mlango, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Akangoja kidogo.

"Shikamoo, mzee," akarudia.