Kengele ya Nguchiro

Pimbi wa majabalini wana desturi yao: watoto wakiota jua, mkubwa mmoja hukaa juu ya mwamba kumwangalia kipanga asije akawanyakua. Kazi hiyo ilikuwa ya Shangazi Pimbi, mpaka Nguchiro, mchuuzi mwenye ulimi wa asali, alipoleta kengele ya betri.

"Inamtambua kipanga angali mbali," alijigamba. "Mama huyu apumzike, macho yake yamechoka."

Ukoo mzima ukapiga makofi. Binti Pimbi, mbishi wa kuzaliwa, akawatazama wadogo zake na damu ikamchemka.

"Haya, tuijaribu! Shangazi na watoto waingie pangoni. Wewe kaka, keti hapa peke yako na kengele yako."

"Mimi muuzaji tu, dada."

"Na hawa ni watoto tu. Keti!"

Nguchiro akaketi kwa kuona haya, shingo imempinda kwa kutazama juu.

"Kaka, kengele si ipo? Huko mbinguni unatafuta nini?"

"Aa, tahadhari tu."

"Basi tahadhari hiyo ndiyo kazi ya shangazi, na hata wewe umeshindwa kuiachia kengele. Shangazi, toka! Mwamba wako huu."