Kisanduku Kitupu

Kifuniko cha birika kilitetemeka gizani, alfajiri. Bisura alikuwa akijaribu jedwali la kompyuta aliloahidi kulipeleka zahanati asubuhi hiyo. Ukiandika namba ya kadi ya chanjo, fomula inaleta jina la mtoto; kama chanjo imempita, inaandika "Aitwe".

Akaingiza namba ya bintiye. Rukaiya: Aitwe.

"Imekosea," Bisura alisema.

"Au imemkamata mama karani," mumewe alitania.

Bisura akafunua kadi. Kisanduku cha surua, dozi ya pili, kilikuwa kitupu. Wiki ya chanjo hiyo Bisura alikuwa na mtihani wa masomo yake ya jioni, akasahau.

Angeweza kujaza alama tu kwenye jedwali, nani angejua? Kidole kikasita, kikarudi. Akamwamsha mtoto.

"Leo tunaenda kuchanjwa, mama."

Rukaiya akapandisha mkono wa gauni.

"Wanichome huu."